Baada ya Nyumba Salama, Mama na Binti Wakae Chini

Desemba, msimu wa ukeketaji unapofika katika wilaya za Tarime na Serengeti, wapo wasichana wanaotoroka nyumbani. Hukimbilia nyumba salama ya Masanga, au ile ya Mugumu inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women lake Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana.

Habari za kutoroka huandikwa. Za kurudi nyumbani haziandikwi sana, ingawa huko ndiko kwenye kazi ngumu zaidi.

Msimu ukiisha, wazazi huitwa. Maofisa ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto huzungumza nao, na wanaokubali kumpokea binti hutia saini ahadi ya kutomkeketa. Ahadi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi kumrudishia binti mama yake. Mama huyo naye alikatwa, akafundishwa kwamba asiyekeketwa haolewi wala haheshimiwi ukweni. Kwa macho yake, alikuwa akimtafutia mwanawe heshima. Binti yeye anakumbuka kwamba mama alijua kisu kinakuja, akanyamaza. Donda hilo halifungwi na karatasi ya polisi.

Tena sheria ya 1998 inayokataza ukeketaji inawalinda walio chini ya miaka 18 tu. Binti akishakuwa mtu mzima, akaolewa na kushinikizwa na wakwe, atamhitaji mama wa kusimama naye.

Mama aanze kuomba radhi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nazo halmashauri za Tarime na Serengeti ziwawezeshe maofisa ustawi kuzitembelea familia hizi mwaka mzima, si Desemba pekee.