Si Kila Uchafu ni Adui

Ndugu mwandishi, hoja yako kwamba kadiri superkondakta inavyosafishwa zaidi ndivyo inavyofanya kazi bora imenifikia hapa Chechelesi, Isiolo, nami naikataa. Oksidi ya lanthani na shaba ikiwa safi ni kihami tu! Badili sehemu ya lanthani kwa stronti, tabaka za shaba na oksijeni hupungukiwa elektroni, na elektroni zilizobaki hushikana jozi zinazoifanya iwe superkondakta, mradi uipoze chini ya kelvini 38 hivi. Ukizidisha stronti, jozi hutoweka. Mahali uchafu unapokaa napo pana neno: stronti hukaa nje ya tabaka, lakini zinki kidogo tu penye shaba huvunja jozi. Labda ulikuwa na metali za kawaida akilini? Hata huko, mwanafizikia Anderson alionyesha mwaka 1959, uchafu usio na usumaku hauzidhuru sana jozi.