Mtumbwi unavuja, lakini anayefukuzwa ni mpiga kasia

Tarehe 26 Novemba 2024, mjini Pretoria, timu kutoka Kindu ilikutana na mmoja wa matajiri wakubwa wa mpira wa Afrika na ikatoka uwanjani bila kufungwa. Mamelodi Sundowns 0, Maniema Union 0. Kwa wapenzi wa mpira wa Maniema, kuanzia Kindu hadi Kasongo na Kabambare, ilikuwa sare yenye ladha ya ushindi, kwa sababu huo ulikuwa mchezo wa kwanza wa klabu hiyo katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwa mtu mmoja aliyekuwa kwenye benchi la wenyeji, sare hiyo ilikuwa hatua moja kuelekea mlangoni.

Mtu huyo ni Manqoba Mngqithi. Siku tatu kabla ya mchezo huo, Sundowns walikuwa wamefungwa 2-1 na Magesi, timu iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo, katika fainali ya kombe la Carling Knockout. Baada ya sare na Maniema Union ikaja sare nyingine, 1-1 dhidi ya AS FAR ya Morocco. Tarehe 10 Desemba 2024 klabu ikatangaza kwamba imeachana na kocha wake. Mngqithi alikuwa amekaa kwenye benchi la Sundowns kwa zaidi ya miaka kumi, muda mwingi akiwa msaidizi. Kiti cha kocha mkuu, akiwa peke yake, alikikalia kwa takriban miezi mitano tu.

Aliyechukua nafasi yake ni Mreno Miguel Cardoso, ambaye mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alikuwa ameondolewa na Espérance ya Tunis. Yaani mtu aliyeonekana hafai Tunis ndiye aliyeitwa kuokoa jahazi Pretoria miezi miwili baadaye. Hapo peke yake pangetosha kumfanya kiongozi yeyote wa klabu ajiulize: je, kocha ndiye tatizo, au ni mahali anapofanyia kazi?

Swali hilo si la Afrika Kusini tu. Linahusu pia Maniema, tena kuliko watu wanavyodhani. Timu ikipoteza michezo miwili au mitatu mfululizo, neno la kwanza vijiweni, redioni na katika makundi ya WhatsApp ni hilo moja: kocha aende. Ni neno rahisi, halihitaji hesabu wala ushahidi. Wachezaji ishirini na tano hawawezi kufukuzwa kwa siku moja, na rais wa klabu hawezi kujifukuza. Anabaki kocha.

Wanaotetea tabia hiyo wana hoja, na si vizuri kuipuuza. Watasema: tazama Sundowns wenyewe. Cardoso alianza vibaya katika Ligi ya Mabingwa, akafungwa 1-0 na Raja kule Morocco, lakini baadaye timu ilisimama. Mwezi wa Januari 2025 Sundowns walikuja Kinshasa na kuondoka na pointi tatu za Maniema Union. Wakavuka kundi, wakatwaa ubingwa wa Afrika Kusini, na wakafika fainali ya Afrika, ambako Pyramids ya Misri iliwashinda kwa jumla ya mabao 3-2. Baada ya hapo nani atasema uamuzi wa Desemba ulikuwa kosa?

Jibu liko katika kile Cardoso alichokikuta. Alikuta kikosi chenye wachezaji wawili wa kiwango cha juu katika kila nafasi. Alikuta viwanja vya mazoezi, madaktari, watu wa kuchambua picha za michezo, na mishahara inayotoka kwa wakati. Klabu hiyo iko chini ya familia ya Motsepe, moja ya familia tajiri zaidi barani. Mtumbwi ulikuwa mzima. Ulitaka mkono mwingine wa kupiga kasia. Timu ya namna hiyo inaweza kubadilisha kocha katikati ya mto bila kuzama.

Hata kwa matajiri, mchezo huo una bei yake. Yanga ya Dar es Salaam iliachana na Miguel Gamondi tarehe 15 Novemba 2024, baada ya kufungwa 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United. Huyo ni kocha aliyekuwa ametoka kuipa ubingwa wa Tanzania na kuifikisha robo fainali ya Afrika. Akaletwa Sead Ramovic, siku chache tu kabla ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kuanza. Yanga ikafungwa 2-0 nyumbani na Al Hilal ya Sudan, ikafungwa tena 2-0 na MC Alger. Baadaye ikaamka, ikatoka sare 1-1 na TP Mazembe Lubumbashi na kuifunga 3-1 Dar es Salaam. Lakini pointi zile sita za mwanzo hazikurudi. Yanga ilimaliza ya tatu katika kundi na safari ikaishia hapo. Mwezi wa Februari Ramovic naye akaondoka kwenda Algeria, na Miloud Hamdi akamaliza msimu. Ubingwa wa Tanzania ulipatikana, ila wa Afrika ulikuwa umeshapotea.

Jirani yake, Simba, alilipa zaidi. Tarehe 5 Novemba 2023 ilifungwa 5-1 na Yanga. Siku mbili baadaye Mbrazili Robertinho akaonyeshwa mlango. Abdelhak Benchikha akaja mwezi huohuo, akaondoka mwezi wa Aprili 2024 kabla ligi haijaisha, na Juma Mgunda akaombwa kumalizia. Watu watatu katika msimu mmoja, na Simba ikamaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Kila aliyekuja alikuta wachezaji aliochaguliwa na mwenzake, na kila aliyeondoka aliacha kazi katikati.

Kuna mfano wa karibu zaidi, nao ni wa Kongo yenyewe. Mwaka 2017 TP Mazembe ilimchukua Mfaransa Thierry Froger. Timu ikatolewa mapema katika Ligi ya Mabingwa na CAPS United ya Zimbabwe, baada ya sare 1-1 Lubumbashi na 0-0 Harare, na Froger akaondoka. Mazembe haikukimbilia ng'ambo kutafuta jina jipya. Ilimpa timu Pamphile Mihayo, mtu aliyeichezea klabu hiyo miaka mingi, aliyekuwemo katika kikosi cha mataji ya Afrika ya 2009 na 2010, na aliyejua kila kona ya nyumba. Mwisho wa mwaka Mazembe iliifunga SuperSport United 2-1 Lubumbashi, ikatoka 0-0 Pretoria, na Kombe la Shirikisho likabaki Katanga.

Mfano huo unafundisha kitu ambacho mashabiki wengi hawakioni. Mazembe haikushinda kwa sababu ilimfukuza kocha. Ilishinda kwa sababu siku ya kumfukuza ilipofika, mtu wa kushika kazi alikuwa tayari ndani. Kufukuza kulichukua siku moja. Kumwandaa Mihayo kulichukua miaka.

Wachumi wameshughulika na jambo hili pia. Mholanzi Bas ter Weel alichunguza ligi ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004. Aliona kwamba timu iliyomfukuza kocha ilianza kupata matokeo mazuri kidogo baadaye. Lakini alipoilinganisha na timu iliyoanguka vilevile na ikabaki na kocha wake, nayo ilipanda karibu sawasawa. Maana yake ni nyepesi: timu inayofungwa mfululizo iko chini ya kiwango chake cha kawaida, na mara nyingi itarudi kwenye kiwango hicho, kocha akiwepo au asiwepo. Mgonjwa wa mafua akibadilisha mganga siku ya nne na kupona siku ya saba, atamsifu mganga wa pili.

Sasa turudi Maniema, ambako ndiko mambo ni mazito. Maniema Union ilipofika makundi ya Afrika, haikuweza kucheza hata mchezo mmoja Kindu. Michezo yake ya nyumbani ilipelekwa uwanja wa Martyrs, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa watu wake. Mtu wa Kasongo aliyetaka kuiona timu ya jimbo lake kwa macho alihitaji kwanza kuimaliza barabara ya Kindu, kisha apate tiketi ya ndege. Timu ikamaliza mkiani mwa kundi lenye Sundowns, FAR na Raja. Je, hapo anahukumiwa nani? Kocha asiye na uwanja wa nyumbani amepungukiwa kabla mpira haujaguswa. Anayepaswa kuulizwa kuhusu nyasi, taa na vyumba vya kubadilishia nguo si yeye.

Ukishuka chini, kwenye timu za mitaa na za parokia huko Kasongo na Kabambare, ugonjwa ni uleule, ila dawa ni chache zaidi. Mara nyingi klabu ni mtu mmoja mwenye duka au mwenye cheo anayenunua jezi na mipira na kulipa nauli. Anayelipa ndiye anayeamua, na akikasirika Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi kuna kocha mpya. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna lengo lililokubaliwa, hakuna hesabu ya michezo. Kocha, ambaye huenda ni mwalimu wa shule anayefundisha mpira baada ya saa za kazi, anapata habari za kufukuzwa kwake njiani.

Wanaoumia zaidi ni vijana. Kijana wa miaka kumi na saba aliyefundishwa kucheza beki na kocha wa kwanza anapelekwa mbele na wa pili, kisha anaachwa nje na wa tatu. Miaka miwili inapita, hajajua nafasi yake ni ipi. Katika nchi ambako mpira ni mojawapo ya njia chache zilizo wazi kwa kijana asiye na ndugu mkubwa, miaka miwili iliyopotea haifidiwi.

Je, basi kocha asifukuzwe kamwe? La. Kocha anayepiga wachezaji, anayeuza nafasi katika kikosi, asiyekuja mazoezini au aliyegombana na chumba kizima, aende, hata kama timu inaongoza ligi. Makosa ya namna hiyo hayasubiri mwisho wa msimu. Lakini kufungwa michezo mitatu ni jambo lingine. Hiyo ni sehemu ya mpira.

Kinachohitajika si huruma, ni utaratibu. Kwanza, mkataba ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja, unaosema lengo la msimu na tarehe ya kukaa chini kulipima. Lengo likiwa kubaki katika daraja, kocha asihukumiwe kwa kukosa ubingwa. Pili, klabu imlipe kocha kabla ya kumhukumu. Tangu 2021 kanuni za FIFA zina sehemu inayowahusu makocha. Katika mikataba yenye sura ya kimataifa, kocha asiyelipwa miezi miwili anaweza kutoa taarifa ya siku 15, na asipolipwa, akauvunja mkataba kwa haki. Klabu kubwa za Kongo zimewahi kufungiwa usajili kwa sababu ya madeni; fedha iliyookolewa kwa kumfukuza mtu kwa hasira inarudi kudaiwa ikiwa na mzigo juu yake. Tatu, kila klabu iwe na msaidizi anayesomeshwa, mwenyeji, anayejua wachezaji kwa majina na kwa tabia. Siku mlango ukifunguka, asiitwe mgeni wa kuanza upya.

La nne ndilo gumu zaidi, kwa sababu linawagusa wenye maamuzi. Siku kocha anapoondoka, viongozi waseme hadharani sehemu yao: wachezaji gani walisajiliwa bila kocha kuulizwa, mishahara ya miezi mingapi haikutoka, safari ngapi zilifanywa usiku kucha na mchezo ukachezwa mchana. Tangazo la kawaida husema klabu inamshukuru kocha na kumtakia heri. Halisemi nani alimfikisha hapo.

Watu wa Lualaba hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa vitabu. Mtumbwi ukianza kujaa maji katikati ya mto, watu wenye akili hutazama kwanza chini, penye tundu. Wanaziba, wanachota maji, ndipo wanauliza kama mpiga kasia anajua kazi yake. Anayemtupa mpiga kasia mtoni na kuliacha tundu wazi atafika ng'ambo akiwa na bahati, au hatafika. Msimu unaofuata, timu moja ya Maniema itapoteza michezo mitatu mfululizo. Kabla ya kocha kuitwa ofisini, rais wa klabu na aanze kwa kutazama chini ya miguu yake mwenyewe.