Jogoo Anayewarukia Watu



Miongoni mwa maswali niliyoulizwa tangu msimu wa kahawa uliopita, moja limerudiwa na watu wengi kuliko mengine, nalo aghalabu huulizwa kwa kicheko chenye haya ndani yake: afanyeje mtu ambaye jogoo wake mwenyewe amemgeuka, akawa anawarukia watoto, wageni, hata mwenye nyumba aliyemlea? Watu hucheka kwa kudhani kwamba ni jambo dogo. Mimi nami nilicheka, hadi jogoo wangu alipomwangusha jirani yangu njiani.

Hapa Kyondo, katika miteremko ya Rwenzori wilayani Kasese, jambo hili lina sura ambayo watu wa nchi tambarare hawaifikirii. Nyumba zetu zimepangana kama ngazi. Ua wa nyumba moja huwa sawa na paa la nyumba iliyo chini yake, na njia ya watu wote hupita katikati, chini ya ukingo wa ua. Jogoo anayemrukia mtu katika uwanja ulio sawa humpata mguuni, basi. Jogoo anayeruka kutoka juu ya ukingo humkuta mtoto usoni. Isitoshe, akina mama wa huku hubeba kuni na viazi mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Mama aliyebeba namna hiyo hawezi kugeuza shingo kutazama kando, wala hana mkono ulio huru wa kujikinga.

Jogoo wangu alikuwa yatima. Mama yake aliuawa na nguchiro pamoja na vifaranga wengine, akabaki yeye peke yake chini ya gunia. Binti yangu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka minane, akamwokota na kumweka katika kikapu karibu na meko. Akamlisha kwa mkono, punje za mtama na mabaki ya ugali wa muhogo. Kifaranga akalala jikoni, akatembea nyuma ya mtoto kama mbwa, akapanda begani mwake. Sisi sote tulifurahi. Mimi, niliyefundisha shule kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia katika kazi hii ya maendeleo ya jamii, nilisema kwamba hilo ni somo zuri la huruma kwa mtoto. Sikujua kwamba kifaranga naye alikuwa akisoma somo lake.

Kifaranga aliyekua bila kuku wenzake hajui kwamba yeye ni kuku na sisi ni watu. Humhesabu binadamu kuwa mmoja wa kundi lake. Maadamu ni mdogo, hakuna taabu. Lakini pora akifika umri wa miezi mitano, sita au saba, homoni ya kiume huanza kufanya kazi mwilini mwake. Kilemba hukua na kuwa chekundu, sauti huvunjika, naye huanza kutaka kujua nani mkubwa na nani mdogo katika kundi. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utoto wake, ndiye aliyeeleza kwa maandishi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwamba kila kundi la kuku lina daraja zake: fulani humdonoa fulani, naye humdonoa mwingine, hadi kumfikia yule wa mwisho anayedonolewa na wote. Jogoo anayekurukia hana chuki nawe, wala hakuingiwa na pepo, kama nilivyosikia ikisemwa sokoni. Anakuuliza wewe ni nani katika daraja hizo. Swali hilo kwa kawaida huwauliza majogoo wenzake. Pora aliyelelewa mkononi hulielekeza kwetu.

Tena haulizi kwa ghafula. Dalili zipo kwa siku nyingi kabla ya shambulio la kwanza, ila sisi huzitazama bila kuzielewa. Jogoo hushusha bawa moja hadi liguse ardhi, akakuzunguka kwa hatua fupifupi za upande upande, nasi husema, “Tazama, anacheza ngoma!” Husimamisha manyoya ya shingo. Hudonoa chini kama anayekula, kumbe hali kitu, na jicho lake moja limekukazia wewe. Hukufuata nyuma ukiondoka, akasimama ukigeuka. Binti yangu alizoea kukimbia akicheka kila jogoo alipofanya hivyo, na kila alipokimbia, jogoo alipata jibu la swali lake: huyu ni mdogo kwangu.

Siku niliyoitaja, jirani yangu, mama mtu mzima aliye na wajukuu wengi, alikuwa akipanda na mzigo wa kuni. Jogoo akamrukia kutoka ukingoni. Mama akaanguka kwa ubavu, kuni zikatawanyika hadi migombani, na mguu wake ukachanika chini ya goti. Nilipofika mbio alikuwa ameketi njiani akijifunga kitenge upya, hakulia wala hakupiga kelele.

“Mwalimu,” akaniambia, “mimi nimezeeka katika mlima huu. Nimepisha ng’ombe, nimepisha magari. Je, sasa nipishe na kuku?”

Sikuwa na la kujibu ila kumwomba radhi na kumchukulia kuni zake hadi nyumbani.

Niliporudi nilitwaa fimbo. Nataka kueleza jambo hili bila kuficha, kwa maana najua nyumba nyingi hufanya vivyo hivyo. Nilimpiga jogoo yule mpaka akaingia chini ya ghala. Kesho yake asubuhi alinisubiri mlangoni. Nikampiga tena; kesho kutwa akanijia kwa nguvu zaidi, na safari hii hakusubiri nimkaribie. Katika juma moja nilimfanya kuwa askari. Fimbo na teke kwa jogoo si adhabu, kwa kuwa hana akili ya kuunganisha kosa la jana na kipigo cha leo. Kwake yeye teke ni pigo la jogoo mwingine aliyekubali kupigana. Ukimbiapo umeshindwa, na upigapo umekubali vita. Njia zote mbili humrudisha kwako.

Liko jambo la tatu, nalo ni gumu kwa sababu lataka utulivu. Vaa viatu vya mpira na nguo nzito za miguu. Chukua ungo au kifuniko cha tenga, uushike mbele ya miguu yako kama ngao, si kama silaha. Tembea uani kwa mwendo wako wa kawaida, kana kwamba una shughuli nyingine. Jogoo akija, simama. Usirudi nyuma hata hatua moja, usipunge mikono, usipige kelele. Mwache agonge ungo. Akichoka, msogelee polepole hadi yeye mwenyewe asogee kando, kisha endelea na kazi yako. Wakati wa usiku, akiwa kwenye kitulio chake, mshike kwa upole, mbane mabawa chini ya kwapa, ukae naye kitambo mpaka mwili wake ulegee, ndipo umrudishe. Usimlishe tena kwa mkono. Chakula kimwagwe chini kwa kundi lote. Usiwakamate mitetea mbele ya macho yake, na mayai yaokotwe akiwa mbali. Watoto wakatazwe kabisa kumfukuza kwa mchezo.

Wakati huohuo kagua kundi lenyewe. Kwa kawaida jogoo mmoja hutosha mitetea wanane hadi kumi. Nyumba yenye mitetea wanne na majogoo watatu haiwezi kuwa na amani; majogoo hupigana mchana kutwa, na mitetea hunyonyoka migongo kwa kupandwa kupita kiasi. Kwa wale wafugao chotara wakubwa, kama aina ya Kuroiler iliyoletwa Uganda kutoka India, uzito wa jogoo huzidisha madhara hayo.

Jambo jingine ni kipi, yaani ule mwiba mgumu ulio nyuma ya mguu wa jogoo. Yafaa ncha yake ipunguzwe kwa tupa, usiku, mtu mmoja akimshika jogoo na mwingine akisugua. Lakini iguswe ncha tu, kwa kuwa ndani ya kipi kuna mfupa na damu. Kumpunguza ncha hakumpunguzii ukali. Hupunguza jeraha tu.

Na jeraha lisidharauliwe. Mguu wa kuku hukanyaga samadi na udongo, na tundu dogo lililoingia ndani ni mahali panapopendwa na vijidudu vya pepopunda. Lioshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, kisha mtu aende kituo cha afya kuuliza kama anahitaji sindano. Likiwa ni jicho, lisisuguliwe, lisitiwe maji ya majani yoyote. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe Kagando au Bwera. Wazee wenye mishipa iliyovimba miguuni wajihadhari zaidi. Mwaka 2019 wataalamu wa tiba nchini Australia walichapisha habari ya mama mwenye umri wa miaka 76 aliyedonolewa mguuni na jogoo alipokuwa akiokota mayai. Mdomo wa jogoo ulitoboa mshipa wa aina hiyo, naye akavuja damu hadi akafa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka jirani yangu, na kicheko kilinitoka kabisa.

Basi, nilifuata utaratibu huo kwa majuma matatu. Kwangu mimi ulifaulu. Jogoo aliacha kunirukia. Nilipotoka mlangoni alisogea kando na kujifanya anakula. Nilijisifu mbele ya mume wangu kwamba nimemfundisha. Ndipo siku ya Jumamosi binti yangu akaingia jikoni ameshika shavu, na damu ikipita kati ya vidole. Kipi kilimpata chini ya jicho. Upana wa kidole kimoja tu ungetosha kulifikia jicho lenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimeambiwa na mtu. Jogoo humjua kila mtu peke yake. Kunipisha mimi hakukuwa na maana kwamba amewapisha watu. Nilikuwa nimejipatia cheo changu, mtoto akabaki na chake. Je, ningeweza kumfundisha kila mtoto wa kijiji kusimama imara na ungo mkononi? Na yule mama mwenye mzigo wa kuni, angeushika ungo kwa mkono gani? Tangu siku hiyo sipimi jogoo kwa jinsi anavyomtendea mwenyewe. Humpima kwa jinsi anavyompokea mpita njia aliye mdogo kuliko wote.

Mume wangu alishauri tumpeleke soko la Mpondwe, ambako jogoo mwenye umbo kama lile hapati shida ya mnunuzi. Nilikataa. Kumwuzia mtu jogoo mkali bila kumwambia ni kuhamisha jeraha kutoka kwa mtoto wako kwenda kwa mtoto wa mwingine. Na kama ukimwambia, atamnunua kwa ajili ya sufuria tu, kwa hiyo yafaa sufuria iwe yako. Wala nisingependa kuangulisha mayai ya mitetea aliowapanda, kwa maana tabia ya ukali, ingawa huzidishwa na malezi, hurithiwa pia.

Wapo watakaosema kwamba jogoo mkali ni mlinzi. Kuna ukweli hapo, ila watu huchanganya mambo mawili. Jogoo mwema humwona mwewe kabla yetu na kutoa mlio wake. Akimwona mnyama wa ardhini hutoa mlio mwingine, na mitetea wanaijua tofauti. Hujitia mbele ya kundi lake. Huo ni ulinzi, nao nimeuona kwa majogoo wapole kabisa kwa watu. Jogoo anayemrukia mtoto aliyebeba daftari hamlindi mtu yeyote.

Tulimchinja siku ya Jumapili. Binti yangu, akiwa na bandeji shavuni, alilia kwa kumtetea, akasema kosa ni lake yeye aliyekimbia. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, tulioona ngoma mahali palipokuwa na vita. Hakuridhika, na hakula. Paja moja pamoja na mchuzi nilimpelekea jirani yangu, ambaye mguu wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Alilipokea kwa mikono miwili, akauliza habari za mtoto kwanza kabla ya kufunua bakuli.

Sasa tuna pora mwingine, aliyeanguliwa na kulelewa na mtetea. Bado hajawika. Siku hizi binti yangu husimama mlangoni na kuwamwagia kuku wote mtama, naye akija karibu na miguu yake, hamwinamii.

Wasomaji walioniuliza juu ya chanjo ya mdondo wanivumilie hadi juma lijalo.