Mtihani wa Sheria Husomewa Wapi?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Darasani mwetu tumo wasichana 38, na kati yetu 11 wamekwisha kutangaza kwamba watakuwa mawakili. Mimi ni mmoja wao. Ukituuliza twajitayarishaje, wengi watakujibu kwamba wakati bado, watajitayarisha wakifika huko. Wachache watakufungulia daftari walimoandika maneno ya Kilatini waliyoyaokota katika sinema, nao huyasema kwa sauti nene bwenini taa zikizimwa. Nia yangu ni kuonyesha kwamba njia hizi mbili hazitatufikisha popote, na kwamba shule yetu, kwa kuifuta saa ya maktaba ya siku ya Alhamisi, imetuondolea matayarisho yenyewe.

Yafaa kwanza tuujue mtihani tunaousema. Hapa Tanzania aliyemaliza Kidato cha Sita huchaguliwa kusoma shahada ya sheria kwa alama zake za kidato hicho, wala hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kumpima kama akili yake yafaa kwa kazi hiyo. Wenzetu wa nchi nyingine hufanya vingine. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere huko Kampala wamepata kuwatahini waombaji wa sheria kabla ya kuwapokea. Uingereza uko mtihani uitwao LNAT, ulioanza mwaka 2004, nao hutakiwa na vyuo kama Oxford na Cambridge. India wana wao uitwao CLAT, tangu mwaka 2008. Marekani, ambako mtu husoma sheria baada ya kupata shahada nyingine kwanza, wana LSAT, nao ni mkongwe kuliko yote niliyoitaja, maana ulianza mwaka 1948.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika mitihani ya Uingereza na Marekani hakuna hata swali moja linalomtaka mtu ajue sheria. Mwingereza hupewa vifungu vya habari 12, na maswali 42 juu ya vifungu hivyo, na dakika 95 za kuyajibu. Kisha huchagua swali moja katika matatu na kuandika insha kwa dakika 40. Vifungu hivyo vyaweza kusema juu ya uvuvi, au muziki, au kodi. Haulizwi ni kifungu gani cha sheria kinachokataza wizi. Huulizwa mwandishi amesema nini, amedhani nini bila kusema, na hoja yake imepungukiwa wapi. Mmarekani naye hupewa dakika 35 kwa kila sehemu, hupimwa kusoma na kupambanua hoja, na alama zake huanzia 120 hadi 180. Zamani palikuwa na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu, lakini iliondolewa mwezi wa Agosti mwaka 2024. Mhindi huulizwa pia habari za ulimwengu na hesabu kidogo, maswali 120 kwa dakika 120, na akikosa swali hukatwa robo ya alama. Kwa hiyo mwenye tabia ya kubahatisha huko ataumia.

Nitatoa mfano wa swali la namna hiyo, nililolitunga mwenyewe. Mwandishi anasema: Shule zenye umeme hufaulu kuliko shule zisizo na umeme, basi umeme ndio uletao kufaulu. Ni jambo gani, likiwa kweli, litaidhoofisha hoja hiyo? Nililipeleka swali hili bwenini. Mmoja alijibu kwamba umeme hukatika. Mwingine alisema wanafunzi wa zamani walisomea vibatari na wakawa mawaziri. Majibu haya huchekesha, lakini hayaigusi hoja. Jibu moja litoshalo ni hili: kwamba shule zenye umeme mara nyingi ziko mjini, na mjini walimu ni wengi zaidi. Hapo hatujui tena kama aliyefaulisha ni taa au ni mwalimu. Hakuna sheria yo yote katika swali hilo, lakini asiyeweza kulijibu atapata taabu mbele ya hakimu.

Jambo hili si la mitihani ya Ulaya tu. Lilitukuta hapa hapa muhula uliopita. Maembe ya shamba la shule yaliibwa usiku, na kesho yake viranja walikaguliwa kazi ya kumtafuta mwizi. Wakasema kwamba kila aliyepanda mwembe lazima atakuwa na utomvu kwenye nguo zake. Hilo ni kweli, mimi silikatai. Wakapita bwenini wakakuta msichana mmoja wa Kidato cha Pili ana utomvu kwenye mkono wa sare. Basi, wakasema, mwizi amepatikana. Akaulizwa, akaanza kulia, na kulia kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi wa pili. Akapewa adhabu ya kuchota maji ya jikoni kwa siku tatu. Siku ya tatu mpishi, ambaye alikuwa ameruhusiwa kwenda kwao, akarudi akashangaa kumwona mtoto na ndoo. Akaeleza kwamba yeye ndiye aliyemtuma kukata matawi ya mwembe ya kufagilia uwanja, siku mbili kabla ya maembe kuibwa.

Tazameni kosa lilipo. Kusema kwamba kila mwizi wa maembe ana utomvu si sawasawa na kusema kwamba kila mwenye utomvu ameiba maembe. La kwanza laweza kuwa kweli na la pili likawa uongo. Kilichoweza kujulikana kutokana na neno lile la kwanza ni kinyume chake tu: kwamba ambaye nguo zake zote hazina utomvu hakupanda mwembe. Viranja wangeweza kuwaondoa watu mashakani kwa njia hiyo. Kumtia mtu hatiani hawakuweza. Kosa hili ndilo watahini wa Marekani hupenda sana kulitega katika mtihani wao, nao hulivisha nguo mpya kila mara. Baada ya mambo hayo kwisha niliwauliza wasichana 20 swali lenyewe, ila nilibadili maembe nikaweka kuchelewa kengele: kila aliyechelewa amefagia uwanja, huyu amefagia uwanja, je, alichelewa? Walionijibu ndiyo walikuwa 14. Baadhi yao ni wale wale waliomwonea huruma yule mtoto.

Jambo jingine ni hili. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, yasema kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa jinai asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Maneno hayo yako kwa Kiswahili, na kitabu chenyewe kimo katika kabati la pili la maktaba yetu. Nilipokichukua kadi yake ilionyesha kwamba mtu wa mwisho kukiazima alikirudisha miaka minne iliyopita. Sisi ni mawakili wa kesho kumi na mmoja!

Wako watakaosema: Mambo ya mitihani ya ng'ambo yatuhusu nini, nasi huku hatutahiniwi kuingia? Nawajibu kwamba kwetu mtihani mgumu haukukosekana, ila umewekwa mwisho wa njia. Atakaye kuwa wakili, baada ya shahada, yampasa apite katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 magazeti yalieleza habari za kundi moja la wanafunzi wake 633. Waliofaulu masomo yote mara moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioshindwa kabisa 265. Watu walishtuka, na Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Wengine waliwalaumu walimu wa taasisi, wengine vyuo vikuu, wengine lugha ya Kiingereza. Mimi si mtu wa kuamua kesi ya wakubwa. Najua tu kwamba wale 265 walikuwa wamekwisha kufaulu mitihani mingi, tangu darasa la saba hadi chuo kikuu. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kugharimia masomo ya miaka kumi na sita au zaidi. Mtu akikwama mwanzoni hupoteza muda kidogo na hutafuta njia nyingine. Akikwama pale amekwisha kula shamba la baba yake. Kwa hiyo, ijapokuwa wanafunzi wengi huuogopa, mimi ningependa nchi yetu iwe na mtihani wa kuingilia kama wenzetu. Ni afadhali kuambiwa mapema.

Juu ya lugha nina neno moja. Tangu mwaka 2021 sheria imesema kwamba lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, hali vitabu vingi vya sheria na hukumu nyingi za zamani ni za Kiingereza. Basi wakili wa siku zijazo atasoma hukumu ya Kiingereza asubuhi, na kuieleza kwa Kiswahili mchana, mbele ya mtu ambaye shamba lake liko hatarini. Wanaodharau Kiswahili kwa sababu eti wao ni wa sheria, na wanaokimbia Kiingereza kwa sababu eti mahakama imekwisha kugeuka, wote hawajaielewa kazi wanayoitaka.

Sasa nije kwenye saa ya maktaba. Mwaka jana kila Alhamisi saa tisa tulikuwa tukiingia maktaba, kila mtu na kitabu chake. Muhula huu saa hiyo imegeuzwa kuwa ya kufanya maswali ya mitihani iliyopita. Tunapewa vitini vya maswali na majibu yake, na wazazi hutuma fedha za kuvitoa chapa. Nasema haya kwa adabu, maana walimu wetu huikaa saa hiyo bila malipo, na kusudi lao ni tufaulu. Tena sikatai kwamba mitihani iliyopita ina faida. Mtu lazima aijue sura ya karatasi, ajue muda unavyokimbia, azoee kuacha swali gumu na kwenda mbele. Lakini hayo ni mazoezi ya miezi miwili ya mwisho. Sisi tumeyafanya tangu Januari, na wengi wetu sasa tunajua jibu la swali la tano la mwaka fulani bila kulisoma swali lenyewe. Mtahini akibadili neno moja, tumekwisha.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba kusoma gazeti na kitabu cha hadithi ni anasa kwa mtu mwenye mtihani wa taifa mbele yake. Nilimwomba atazame karatasi ya Kiswahili. Humo mna ufahamu na mna ufupisho, na Kiingereza vivyo hivyo. Kazi hizo ni ndugu wa tumbo moja na vile vifungu 12 vya LNAT. Hakuna kitini kinachoweza kumfundisha mtu ufupisho wa kifungu ambacho hakijaandikwa bado. Mwalimu alicheka, akasema nitafaa kuwa wakili, lakini saa hakuirudisha.

Wazazi nao nina ombi kwao. Mtu akija nyumbani kuwauzia kitini cha siri za mtihani wa sheria, msitoe fedha. Toeni nauli ya mtoto kwenda mahakama ya mwanzo siku ya likizo. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na mtu akikaa kimya hafukuzwi. Mimi nilikwenda mwezi wa Juni na nikamwona hakimu akimwuliza mzee mmoja swali lile lile mara tatu, kwa upole, mpaka mzee akatambua kwamba alikuwa akijibu jambo jingine. Nilijifunza pale kuliko katika daftari zima la Kilatini.

Na kina dada wanaosema kwamba kazi hii ni ya wanaume, wamtafute katika vitabu vya historia Bi. Julie Manning, aliyekuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kusoma sheria Dar es Salaam, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Chuo chenyewe kilipofunguliwa mwaka 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria.

Wakati tukingoja jibu la ombi letu, sisi wachache wa chama cha mdahalo tumekubaliana kukutana siku za Jumamosi baada ya kufua, chini ya mti wa mkungu. Kila mmoja ataleta tahariri moja ya gazeti, ataifupisha kwa sentensi tatu, na wengine watatafuta mahali hoja inapovuja. Kisha tutajadiliana, na katikati ya mjadala katibu atapiga filimbi, na kila mtu atageuka autetee upande aliokuwa akiupinga. Anayekasirika atachota maji ya kunywa ya wote. Viranja wanakaribishwa, na yule msichana wa Kidato cha Pili amekwisha kujiandikisha. Majina apewe katibu kabla ya Ijumaa.