Nani Yuko Malishoni?



Mwaka 2021 Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma yetu, aliteuliwa wa 7 kati ya wachezaji wapya wa mpira wa kikapu walioingia ligi ya NBA. Alikuwa na miaka 18. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyetangazwa mwaka uliotangulia kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Majina 58 yalisomwa, lake halikuwamo.

Hatuwalaumu wapimaji. Wao hununua kesho: kimo, urefu wa mikono, umri, na Tshiebwe alikwisha kutimiza miaka 23. Kosa ni letu tunapokileta kipimo cha soko kanisani. Hapa Katoyi, tunapochagua viongozi wa vijana, je, hatuwatazami kwanza wenye Kifaransa chepesi na mavazi mazuri? Samweli naye, nyumbani kwa Yese, alidhani Eliabu ndiye. Daudi alikuwa malishoni, wala hakuna aliyekumbuka kumwita.

Tshiebwe hakuuacha mpira. Mwaka uleule Indiana Pacers walimpa mkataba. Nasi, kabla ya kuchagua tena, tuulizane: ni nani ambaye hatujamwita?