Nyambizi za Atomiki na Sisi Tusio na Bahari

Wenzangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliotutangulia,

Majuzi katika mdahalo wetu wa Kiswahili nilitaja nyambizi za atomiki. Mwenzangu mmoja akasimama akauliza, "Mtu wa Gitega ana habari gani na nyambizi? Bahari yetu ni Kivu." (Gitega yetu ya Nyarugenge, si ile ya Burundi.) Watu wakacheka sana. Kicheko si hoja, basi namjibu hapa.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Nyambizi ya Marekani ya aina ya Ohio ina urefu wa mita 170. Chukua kiwanja cha mpira cha pale Nyamirambo, ukiongeze nusu yake, bado nyambizi itazidi. Ndani mna tanuri la atomiki: joto lake hugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huzungusha rafadha. Tanuri hilo halihitaji hewa kama injini ya dizeli, na hewa wanayovuta mabaharia hutolewa katika maji ya bahari. Kwa hiyo chombo hakina haja ya kuibuka, na kinachokirudisha pwani hasa ni chakula kwisha. Hukaa baharini siku 77 hivi, kisha mabaharia wengine huwapokea wenzao, maana kila nyambizi ina vikosi viwili. Mgongoni ina makombora 20. Kombora husukumwa kutoka chini ya maji kwa nguvu ya mvuke na gesi, likitokeza juu ndipo moto wake huwaka, nalo laweza kwenda zaidi ya kilomita 7,000 na vichwa kadha vya atomiki, kila kimoja na shabaha yake. Marekani inazo nyambizi 14 za namna hii. Urusi, Uingereza, Ufaransa, China na India nazo zina zao.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwezi wa Oktoba 2022 moja ya nyambizi hizo, West Virginia, ilikaa Diego Garcia tangu tarehe 25 hata 31. Kisiwa hicho ni kimoja cha visiwa vya Chagos, ambavyo wenyeji wake waliondolewa kati ya 1967 na 1973, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli, ili kambi ya Wamarekani ipate nafasi. Kimo katika Bahari ya Hindi, bahari ile ile iletayo mafuta yetu kwa njia ya Dar es Salaam. Kutoka huko hata Kigali hazifiki kilomita 5,000. Sisemi kwamba kuna aliyeielekeza kwetu. Nasema kwamba kukosa pwani si kinga.

Tena lipo jambo linalotuhusu kwa sahihi yetu wenyewe. Yako mapatano ya Pelindaba, yaitwayo kwa jina la mahali huko Afrika Kusini, nchi iliyounda mabomu sita ya atomiki kisha ikayavunja yenyewe. Yalitiwa sahihi Cairo mwaka 1996, yakaanza kuwa na nguvu tarehe 15 Julai 2009, jirani zetu wa Burundi walipotimiza hesabu ya nchi 28. Rwanda imo. Yanakataza bomu la atomiki kuundwa, kujaribiwa au kuwekwa katika Afrika, na ramani yake inavitia ndani visiwa vya Chagos. Waingereza walikubali viambatisho viwahusuvyo, lakini walisema Chagos haimo.

Hapa ndipo nina neno. Mapatano yanakataza kuweka mabomu, lakini yanaiachia kila nchi iamue yenyewe kama manowari za kigeni zaweza kuzuru bandari zake. Kuweka na kuzuru! Kwa bomu lililo ghalani tofauti ni dhahiri. Lakini kazi ya nyambizi hii ni kutembea na silaha zake, haina ghala jingine. Kwake yeye kuzuru ndiko kuwekwa. Wala huwezi kuuliza imebeba nini, kwa kuwa Marekani hukataa kusema ni chombo kipi chenye vichwa vya atomiki na kipi hakina. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa siku sita.

Wenye nyambizi hujitetea kwamba adui asiyejua chombo kilipo huogopa kuanza vita. Siidharau hoja hiyo, maana tangu Nagasaki, 1945, bomu la atomiki halijatupwa vitani. Lakini mlinzi akisimama uani kwa jirani, jirani na aulizwe.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia sahihi mapatano ya kuirudishia Mauritius visiwa hivyo, kambi ya Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99. Mauritius imo katika Pelindaba kama sisi. Basi kaka zetu mlio katika ofisi za serikali na Umoja wa Afrika, waulizeni wenzenu wa Mauritius: nyambizi ya makombora ikifika Diego Garcia, imezuru au imewekwa? Na kama imezuru, ni kwa siku ngapi?