"Picha kali" si maoni! Tuache kudanganyana kuhusu picha za maua

Wasomaji wangu, leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya kuharakisha tarakilishi yako. Leo nina hasira. Nimechoka na maneno mawili tu: "picha kali".

Mnaonifahamu mnajua kwamba nikiacha kuandika msimbo, mnaweza kunipata nimepiga magoti kwenye bustani ya mtu, kamera mkononi, pua karibu iguse ua. Napenda picha za karibu, zile zinazoonyesha chavua na mishipa ya petali. Na mnajua jinsi sisi wapenzi wa picha hizi tunavyofanyiana. Mtu anatuma picha ya waridi na kuandika, "Naomba maoni yenu wakuu." Halafu mvua inateremka: kali sana, moto, umeweza, hongera ndugu. Watu ishirini wamejibu, na hakuna hata mmoja aliyesema neno lolote kuhusu picha yenyewe. Unaweza kuyachukua majibu hayo yote ukayabandika chini ya picha ya mbuzi na yakafaa vilevile.

Haya, nianze na aibu yangu mwenyewe. Kwa miaka miwili nilisifiwa hivyo, nikaamini. Picha zangu zilikuwa na ukungu kidogo, mimi mwenyewe niliuona, lakini kwa kuwa hakuna aliyeutaja nikaamua tatizo ni lenzi. Nikakopa, nikanunua lenzi ya picha za karibu kwa zaidi ya shilingi 40,000. Ukungu ukabaki palepale! Tatizo lilikuwa upepo, na mwili wangu uliokuwa ukiyumba kila nikipumua. Mtu mmoja tu angeniambia, "Shata yako ni ya polepole, ua limetikisika," ningebaki na pesa zangu.

Mwaka 2023 nikapata kazi ndogo. Mama mmoja anayeuza miche ya maua kando ya barabara alitaka picha 30 za kuwatumia wateja kwa simu. Nikapiga, nikachagua zile zilizosifiwa zaidi, nikampelekea nikiwa na kifua mbele. Akazitazama polepole, moja baada ya nyingine.

"Kijana wangu," akasema, "hii ni nzuri ya kutundika ukutani. Lakini mteja atajuaje ni ua gani? Katikati pote pana ukungu."

Nikamweleza kwamba ndiyo mtindo wa picha za karibu, mama. Akaniangalia tu. Akachukua nyingine.

"Na hii hibiskasi nyekundu, mbona imekuwa doa la rangi? Yangu ina mistari. Ukiigusa unaihisi, ukiitazama unaiona. Hapa iko wapi?"

Akakataa picha 19 kati ya 30. Mama huyu hajawahi kusikia habari za tundu la lenzi, lakini kwa dakika kumi alinipa maoni mengi kuliko niliyopewa na wapiga picha kwa miaka miwili. Kwa nini? Kwa sababu alijua picha ilipaswa kufanya kazi gani, akanionyesha kwa kidole mahali iliposhindwa. Hayo ndiyo maoni. Mengine ni salamu.

Sisi watengenezaji wa programu tunalijua jambo hili vizuri. Mtu akikuletea ripoti ya hitilafu inayosema "haifanyi kazi", unamrudishia. Unamuuliza ulibonyeza nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Na mwenzako akikagua msimbo wako akaandika "iko sawa" bila kuusoma, hitilafu hiyo itakuamsha saa nane za usiku. Kwa nini basi tukishika kamera tunasahau yote haya?

Picha ya ua kwa karibu ndiyo inayohitaji ukaguzi kuliko nyingi, kwa sababu fizikia yake haina huruma. Chukua kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Ukipiga ua kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja ya ua inachukua milimita moja ya kihisi, ukiweka f/8, sehemu inayoonekana kali ina kina cha takriban milimita moja tu. Ukifungua hadi f/2.8 inabaki kama theluthi ya milimita. Sasa fikiria hibiskasi, ile nguzo yake ya katikati inavyochomoza mbele ya petali kwa sentimita kadhaa. Lazima uchague: ncha ya nguzo au petali. Ukibana tundu hadi f/16 unapata kina zaidi, lakini kwa ukaribu huo lenzi inafanya kazi kama f/32, mwanga unatawanyika na picha nzima inalainika. Hakuna cha bure hapa.

Na lile doa jekundu la mama? Hilo ni hesabu tupu, jamani. Kila pikseli ina namba tatu, nyekundu, kijani na samawati, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ua jekundu juani linaijaza namba nyekundu hadi 255 wakati nyingine mbili ziko chini. Grafu ya mwanga wa jumla inakwambia picha ni salama, kumbe pikseli maelfu zimegonga dari na mistari yote ya petali imefutika. Tazama grafu ya rangi nyekundu peke yake, punguza mwanga, au mwombe mtu akushikie kitambaa cheupe kati ya jua na ua. Anayekuambia hivyo amekusaidia. Anayekuambia "rangi inaita!" amekumaliza.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu lawama si ya wanaosifu tu. Wewe unayeomba maoni, unayataka kweli? Wengi wetu tunaomba sifa kwa jina la maoni. Mtu akigusa kasoro moja, unamjibu aya tatu za kujitetea. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukitaka kukaguliwa, jifunue:

1. Sema ulikusudia nini. "Nilitaka chavua ionekane kali na petali zipotee" ni tofauti na "nilitaka ua lote lionekane". Bila kusudi, hakuna anayejua kama ukungu ni kosa au ni uamuzi.

2. Uliza swali moja. "Je, jicho lako linaenda wapi kwanza?" ni swali. "Mnaonaje?" si swali, ni mtego wa sifa.

3. Toa taarifa: kasi ya shata, tundu, umbali, kama kulikuwa na upepo, kama ulitumia stendi. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na taarifa zake za ndani zinaondolewa. Itume kama hati, basi. Huwezi kumwomba mtu akague ukali wa picha ambayo tayari imekamuliwa.

4. Kama ulitumia simu na ile hali ya kutia ukungu nyuma, sema. Ukungu huo unakokotolewa na programu, na mara nyingi programu hukata nyuzi nyembamba za ua kwa kudhani ni sehemu ya nyuma.

Na wewe unayetoa maoni, kanuni ni moja tu: weka kidole juu ya picha. Taja mahali, taja unachokiona, kisha taja jambo moja la kujaribu. "Kona ya juu kulia kuna jani jeupe linaloniiba jicho, sogea hatua moja kushoto." Basi! Na kama picha ni nzuri, sema nzuri wapi, ili mwenzio ajue cha kurudia. Sifa yenye anwani ni maoni pia.

Usije nawe na ule ugonjwa mwingine wa "nunua kamera ya maana". Huo ni uvivu uliovaa suti. Mwenye simu akipiga asubuhi kabla ya upepo kuamka, akaegemeza mkono juu ya jiwe, atamshinda mwenye lenzi ya mkopo. Ninajua, lenzi ya mkopo ninayo.

Najua pia mtakachosema. Kwanza: "Picha ni hisia, haina sahihi wala kosa." Sawa, lakini ukungu uliouchagua na ukungu uliokupata kwa bahati mbaya haulingani, na anayejua tofauti ni yule aliyewahi kuulizwa. Pili: "Utawavunja moyo wanaoanza." Mimi nilikuwa ninaanza, na moyo haukuvunjwa na yule mama. Kilichonivunja moyo ni kugundua kwamba watu wote wale waliuona ukungu na wakanyamaza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia maji miaka miwili mizima.

Tatu, kuna wanaosema siku hizi unaweza kuiuliza akili mnemba. Nimejaribu. Inajua istilahi zote, ila nikiiuliza "Mnaonaje?" inanisifu kama binamu yangu. Nikiiuliza swali lenye kusudi inajibu afadhali. Unaona? Tatizo lilikuwa swali tangu mwanzo.

Yule mama nilimrudia. Nilienda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku tatu mfululizo, na stendi na kipande cha shuka jeupe. Zile 19 nikazipiga upya, akakubali 17. Mbili bado anasema si rangi ya maua yake, na nikiziweka kando ya ua lenyewe, naona ana haki.

Kwa hiyo kuanzia leo, ukiniletea picha ya ua nitakuuliza ulitaka nionyeshwe nini. Na ukiona yangu ukaniandikia "kali", nitakuuliza: wapi? Usiponijibu, nitajua hukuitazama.

Nimemaliza. Nipigeni mawe, lakini mseme ni la nini.